Dawa za Mimea Dhidi ya Kuvu Ndani ya Kivungulio: Mwongozo kwa Mkulima wa Malindi

Malindi mwarobaini hauna bei. Umeota uani, kando ya barabara ya Gede, kwenye viwanja vya shule, na hakuna anayekutoza ukiokota mbegu zake. Kitunguu saumu kiko sokoni, mpapai uko nyuma ya nyumba, ndimu pia. Mwenye kivungulio, au grinhausi kama wengi tunavyoiita, akitazama hivyo vyote huona dawa imemzunguka na chupa ya dukani haina haja. Kwa kiasi fulani ni kweli. Shida ni kwamba dawa hizi zina masharti, na masharti ndiyo yanayorukwa watu wanapopeana maelekezo kwa simu: twanga, chuja, piga. Anayepiga bila kujua anapiga nini hupoteza saumu na nyanya pia.

Mwongozo huu ni wa nyanya, pilipili hoho na matango, kwa hali ya hewa ya pwani yetu kuanzia Gede na Ganda hadi Mambrui na Magarini. Nimeufuatisha na utaratibu wa kazi yenyewe: kutambua ugonjwa, kurekebisha hewa, ndipo dawa. Najua wengi watashuka moja kwa moja hadi kwenye vipimo. Someni basi angalau sehemu ya kwanza, kwa sababu ndiyo itakayokuambia kama dawa yako ina kazi ya kufanya au la.

Tambua ugonjwa kabla hujashika kinu

Dondoo ya mmea, yaani maji au mafuta yaliyokamuliwa kutoka kwake, hukaa juu ya jani. Kwa kawaida haipenyi ndani na kusafiri kwenye mmea kama baadhi ya dawa za viwandani. Kuvu iliyo juu ya jani huipata. Iliyojichimbia ndani huikosa. Ukiishika hiyo, mengine mengi yatakuwa wazi.

Anza na ubwiri unga, ndio mgeni wa kila kivungulio. Kwenye matango unaonekana kama unga mweupe uliomwagwa juu ya majani, kwanza kwa madoa ya duara, kisha jani zima. Kuvu hii huishi nje ya jani na kuteremsha vijizizi vifupi tu kwenye ngozi ya juu. Mafuta ya mwarobaini huiweza vizuri. Lakini ubwiri unga wa pilipili hoho, ambao pia huingia kwenye nyanya, ni kuvu nyingine, *Leveillula taurica*, na tabia yake ni tofauti. Hukua ndani ya jani, kisha hutoa vimbegu vyake kupitia vitundu vya upande wa chini. Juu utaona doa la njano tu lisilo na mpaka mzuri. Geuza jani ndipo uone ukungu mweupe. Ukifika hapo, imeshajenga ndani, na dawa yoyote ya juu itazuia majani mapya yasiambukizwe bila kuponya yaliyokwisha kuugua. Ndiyo maana mtu wa matango husifu mwarobaini na jirani yake wa hoho huulaani, na wote wawili wanasema kweli.

Ukungu wa majani ya nyanya ndio ugonjwa wa masika. Juu ya jani kuna madoa ya kijani kilichopauka yanayogeuka njano, na chini, palepale, kitu kama mahameli ya rangi ya zeituni au kahawia. Unapenda joto la nyuzi 22 hadi 26 na unyevu wa hewa uliozidi asilimia 85. Usiku wa mwezi wa Mei hapa Malindi hutoa vyote viwili bila kuombwa.

Ubwiri vinyoya wa matango hutambulikana kwa madoa ya njano yenye pembe, kwa sababu hubanwa na mishipa ya jani. Asubuhi mapema, chini ya jani kuna vinyoya vya kijivu au zambarau. Kibayolojia kiumbe hiki si kuvu halisi, na hakihusiani kabisa na ubwiri unga ingawa majina yanafanana. Kinahitaji jani liwe na majimaji kwa saa kadhaa ndipo kiingie. Mafuta hayakisumbui sana.

Bakajani tangulia ya nyanya huanza kwenye majani ya chini yaliyozeeka, kwa madoa ya kahawia yenye duara ndani ya duara. Bakajani chelewa ni ugonjwa wa baridi, wa kule Nyandarua na Limuru. Mtu akikuambia nyanya zako za Malindi zina bakajani chelewa, tafuta jicho la pili kabla hujamwamini.

Halafu kuna mnyauko. Mmea unanyauka mchana, jioni unajaribu kuinuka, baada ya siku chache hauinuki tena. Kata shina karibu na ardhi. Ulitumbukize kwenye glasi ya maji safi na ulitulize. Likitoa uzi mweupe kama maziwa unaoteremka, huo ni mnyauko bakteria. Lisipotoa kitu na ndani ya shina mishipa imegeuka kahawia, mshuku mnyauko fuzari, kuvu ya udongoni inayopenda udongo wa joto kama wetu. Kwa yote mawili, hakuna maji ya majani yatakayosaidia. Ng'oa na udongo wake, toa nje, choma. Ukiendelea kupiga saumu juu ya mmea unaokufa mizizini utachoka bure.

Vitu viwili hudhaniwa kuvu na si kuvu: majani yaliyojikunja juu na kudumaa, ambayo tunayaita rasta, ni virusi wanaoletwa na nzi weupe, na majani yenye vitone vingi vya njano na utando mwembamba kama wa buibui ni utitiri. Ukiwa na wasiwasi, chukua majani mawili matatu kwenye mfuko wa karatasi, si wa nailoni, na umpelekee afisa wa kilimo. Kituo cha utafiti cha KALRO Mtwapa kiko kwenye barabara hiihii ya Mombasa, na ushauri wa siku moja huokoa msimu mzima.

Hewa kwanza

Vivungulio vingi vilivyojengwa pwani vilinakiliwa kutoka bara, ambako mkulima anatafuta joto. Sisi joto tunalo la kugawa. Tunachotafuta ni paa la kuzuia mvua na neti ya kuzuia nzi weupe, basi. Kivungulio kilichofungwa nailoni pande zote Malindi hugeuka chumba cha mvuke: mchana chavua ya nyanya inakufa kwa joto na maua yanapukutika, usiku maji yanadondoka kutoka paani hadi kwenye majani. Hapo kuvu haihitaji kualikwa.

Kama kuta zako ni nailoni, zikunje au uzitoe, uweke neti kutoka chini hadi juu. Paa liwe na mwanya wa kutolea hewa ya moto, na mwanya huo utazame upande upepo unakoelekea, si unakotoka, la sivyo mvua ya kusi itaingia moja kwa moja. Neti ya matundu madogo sana huzuia nzi weupe vizuri lakini hukaba hewa. Ukiichagua, jenga paa juu zaidi kufidia.

Ndani, panda kwa nafasi. Nyanya za kupanda kamba zipate sentimita 45 hadi 60 kati ya mche na mche, shina moja kila mmea, na machipukizi ya kwapani uyatoe kila wiki yakiwa madogo kiasi cha kuvunjika kwa kidole. Kichala cha kwanza kikianza kuiva, toa majani yote yaliyo chini yake. Watu huyaonea huruma majani hayo. Hayana faida tena kwa mmea, na ndiyo daraja la kuvu kutoka udongoni.

Mwagilia kwa mipira ya matone, asubuhi. Ukimwagilia alasiri, unyevu wote unabaki umefungiwa ndani usiku kucha. Kipima unyevu cha kutundika ni kifaa kidogo na kitakuambia mengi kuliko mimi: ukikiona kimezidi asilimia 85 saa kumi na mbili asubuhi siku tatu mfululizo, ukungu wa majani uko njiani hata kama hujaona doa.

Majani yenye ugonjwa yakate na uyatie mfukoni palepale penye mmea, bila kuyatikisa na bila kuyaburuta kivungulio kizima. Yafukie au uyachome. Kuyarundika nje upande upepo unakotoka ni kujirudishia vimbegu kwa mkono wako mwenyewe, na wakati wa kusi unajua upepo unatoka wapi. Kisu cha kukatia kichovye kwenye maji ya klorini unapotoka safu moja kwenda nyingine.

Kwa udongo, jua la kaskazi ndilo dawa. Kati ya Januari na Machi, kivungulio kikiwa kitupu, lima, lowesha udongo hadi chini, kisha ufunike na nailoni nyembamba inayopitisha mwanga, kingo zake zifukiwe vizuri. Iache wiki 4 hadi 6. Joto linalojikusanya hapo chini hupunguza kuvu nyingi za udongoni, minyoo fundo na mbegu za magugu. Nailoni nyeusi haifanyi kazi sawa. Mwanga lazima upite.

Maji ya kisima chetu

Hapa ndipo maelekezo ya bara yanapotupotosha. Visima vyetu vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe. Maji yake ni mazito kwa chokaa, na ukikaribia bahari yana chumvi juu yake. Maji ya chokaa huharibu dawa kwa njia mbili. Sabuni haitoi povu, badala yake hugandamana kuwa vipande vyeupe vinavyoziba nozeli. Na kiambato kikuu cha mwarobaini, azadiraktini, huvunjika haraka kwenye maji yasiyo na uchachu.

Tumia maji ya mvua. Tangi dogo la kukinga paa la nyumba linatosha, kwa sababu maji ya dawa si mengi. Ukikosa kabisa, tumia maji ya kisima kwa kuyakamulia ndimu: kamua ndimu mbili tatu kwenye lita 15, koroga, kisha weka mafuta. Jaribu sabuni kidogo kwenye chupa kwanza. Ikitoa povu linalokaa, endelea. Ikitoa mafungumafungu, tafuta maji mengine.

Dawa zenyewe, na kipi kinafaa wapi

Vipimo vyote hapa ni vya pampu ya mgongoni ya lita 15. Kijiko cha chai ni mililita 5, cha mezani 15.

*Mafuta ya mwarobaini.* Haya ndiyo ya kwanza kwangu kwa ubwiri unga. Hufunika kuvu na vimbegu vyake kwa utando, na huchukua nzi weupe na utitiri kwa safari hiyohiyo. Tafuta yaliyokamuliwa bila moto: rangi ya kahawia-njano, machungu, yenye harufu kali inayokaribia ya saumu. Ukinunua yaliyopakiwa kama dawa ya mimea, angalia kibandiko kama kina nambari ya usajili ya PCPB, bodi inayodhibiti viuatilifu nchini.

1. Pima mafuta vijiko 5 vya mezani (mililita 75).
2. Kwenye chupa, changanya kijiko kimoja cha mezani cha sabuni laini ya maji na nusu lita ya maji ya uvuguvugu.
3. Mimina mafuta kidogokidogo huku ukitikisa, mpaka yawe meupe kama tui na pasiwe na matone yanayoelea juu.
4. Jaza pampu nusu, mimina mchanganyiko, kisha ongeza maji hadi lita 15.
5. Tumia yote siku hiyohiyo, na utikise pampu kila baada ya dakika chache. Mafuta yakipanda juu, mimea ya mwanzo hupata maji matupu na ya mwisho huungua.

Sabuni iwe ya kawaida: ya maji isiyo kali, au ya kipande iliyoparwa. Sabuni ya unga ya kufulia ina kemikali zinazounguza majani. Majani ya tango hasa hayaivumilii.

Usipige mafuta ndani ya wiki mbili kabla au baada ya kupiga salfa. Vikikutana juu ya jani huliunguza. Wengi hapa hutumia salfa kwa ubwiri unga, na salfa yenyewe ikipigwa kwenye joto la kupita nyuzi 30 hubabua mimea, kwa hiyo kwa Malindi mafuta yana nafasi yake.

*Maji ya mbegu za mwarobaini* hutangazwa kama dawa ya kila kitu. Nguvu yake halisi ni kwa wadudu. Kwa kuvu hutoa msaada mdogo, unaotokana zaidi na mafuta yaliyomo. Naiweka hapa kwa sababu wadudu huacha vidonda na utelezi unaoota kuvu nyeusi, na kwa sababu ni ya bure. Okota matunda ya njano yaliyoanguka, toa nyama, osha mbegu, zikaushe kivulini na uzihifadhi kwenye gunia linalopitisha hewa, zisipitishe mwaka. Mbegu zilizoota ukungu zitupe. Twanga gramu 750 za viini kwa pampu moja, loweka kwenye maji baridi usiku kucha, chuja kwa kipande cha kanga kuukuu, tia sabuni kidogo, piga jioni. Jua hulivunja azadiraktini katika siku chache, hivyo dawa ya asubuhi ya jua kali ni nusu dawa.

Majani yake nayo? Yana nguvu ndogo zaidi. Kama ndiyo pekee uliyo nayo, kilo moja ya majani mabichi yaliyotwangwa kwa lita 5 za maji, usiku mmoja. Usitarajie makubwa.

*Kitunguu saumu* hufanya kazi kwa alisini, kiambato chake kikuu dhidi ya kuvu, na alisini haimo kwenye punje nzima. Inazaliwa punje inapopondwa, vitu viwili vilivyotengana ndani yake vinapokutana. Kutokana na hilo pana mambo matatu ambayo maelekezo mengi huyakosea. Ponda mpaka uwe uji, usikate vipande. Subiri dakika kumi hivi kabla ya kutia maji. Na usichemshe kamwe, kwa sababu moto huua kimeng'enya kinachoitengeneza; supu ya saumu ni tamu lakini kwa kuvu si kitu.

Robo kilo ya saumu, iliyopondwa kwenye kinu na ikatulia hizo dakika kumi, tia lita mbili za maji ya kawaida, funika kwa saa moja au mbili, chuja kwa kitambaa kizito mara mbili, ongeza kijiko cha mezani cha sabuni, jaza hadi lita 15. Piga siku hiyohiyo. Alisini huruka na kupotea, kwa hivyo ile tabia ya kuweka chupa ya saumu stoo kwa mwezi ni kujidanganya. Hii ndiyo ninayoitumia kwa ubwiri vinyoya na ukungu wa majani, ambako mafuta ni dhaifu, na huitumia kabla ugonjwa haujashika. Ukiingia kazini madoa yakiwa yamejaa, saumu haitakuokoa.

*Majani ya mpapai* ni dawa ya zamani ya ubwiri unga na madoa ya majani. Kilo 3 za majani mabichi yaliyokatwakatwa laini, lita 3 za maji, fikicha kwa nguvu, kamua kwa kitambaa. Pembeni yeyusha gramu 50 za sabuni ya kipande kwenye lita 12 za maji. Changanya, chuja tena, piga. Utomvu wa mpapai huwasha ngozi, vaa glavu. Naiona nguvu yake iko chini ya mafuta, lakini kwa mwenye mipapai na asiye na pesa ya mafuta ni afadhali kuliko kungoja.

*Mlonge* kazi yake iko kitaluni. Miche inayoanguka chini kana kwamba imekatwa shingo ina kinyausi. Changanya majani mabichi ya mlonge kwenye udongo wa kitalu, mwagilia, subiri wiki moja ndipo upande mbegu. Pamoja na hilo punguza maji, kwa maana kinyausi ni ugonjwa wa mkono mzito wa kumwagilia kuliko kitu kingine.

Sasa vya kuacha. Tumbaku isikaribie nyanya wala hoho: nikotini yake ni sumu kwako, na majani makavu ya tumbaku hubeba virusi vya batobato ambavyo huingia kwenye nyanya bila shida. Hata mvutaji wa sigara anawe mikono kwa sabuni kabla ya kupogoa. Mafuta ya karafuu yana yujenoli yenye uwezo wa kuua kuvu, lakini ni makali kiasi kwamba nchi nyingine huyatumia kuulia magugu. Ukikosea kipimo unaua mmea. Mmea wa utupa wavuvi wanaujua: ni sumu ya samaki, huua wadudu, haugusi kuvu, na ukitiririka hadi mtoni Sabaki umefanya balaa. Na magadi au soda ya kuokea, ingawa si mmea, wengi huuliza: inapunguza ubwiri unga, lakini kwa udongo wetu uliokwisha kuwa na chumvi sioni haja ya kuongeza sodiamu.

Namna ya kupiga

Jaribu kwanza. Piga majani machache ya mimea miwili, subiri siku mbili. Kingo zikiungua au jani likijikunja, punguza dawa kwa nusu na ujaribu tena. Fanya hivi kila unapobadilisha mafuta, sabuni au aina ya mbegu, kwa sababu tango linalostahimili na lisilostahimili yanafanana kwa macho.

Saa ya kupiga ni mapema asubuhi kabla jua halijachoma, au jioni jua likielekea kuzama. Kwa mafuta napendelea alfajiri: jani linakauka kabla ya adhuhuri na usiku halilali na maji. Jioni ni ya maji ya mbegu, na hapo hakikisha kuna upepo wa kukausha kabla ya giza. Joto likizidi nyuzi 30 ndani ya kivungulio, weka pampu chini. Mmea wenye kiu pia usipigwe. Umwagilie kwanza, urudi kesho.

Anza chini ya jani. Geuza nozeli itazame juu, ingiza mkono katikati ya safu, panda taratibu kutoka majani ya chini hadi ncha, halafu malizia upande wa juu. Matone yawe madogo kama ukungu na jani lilowe bila kuchuruzika. Kivungulio cha mita 8 kwa 15 huchukua pampu moja mimea ikiwa midogo, hadi mbili ikishapanda kamba. Ukimaliza nyanya zilizofika paani kwa pampu moja na dawa ikabaki, umeruka upande wa chini.

Chuja tena dawa wakati wa kumimina pampuni. Najua umeshachuja. Nyuzi za saumu zina njia zake za kufika kwenye nozeli.

Lini, na kwa muda gani

Kaskazi, Desemba hadi Machi, hewa ina joto na mvua hakuna. Watu hulegea, na hapo ubwiri unga ndio unapotamba, kwa kuwa vimbegu vyake havihitaji jani lenye maji ili viote. Piga kila siku 7, mafuta kwa kupokezana na saumu, kuanzia tango linapotoa majani manne matano halisi, na kwa hoho anza kabla hujaona doa lolote.

Masika yakianza mwezi wa Aprili, geukia saumu kila siku 5 hadi 7 kwa nyanya na matango, na ongeza juhudi kwenye kupogoa. Mei usitegemee dawa peke yake. Mwezi huo mvua ni nyingi na kivungulio chenye majani mengi hakitasalimika kwa saumu. Juni hadi Septemba, kusi likivuma na mvua zikipungua, rudi siku 7 hadi 10. Vuli ni kama masika madogo.

Usipige mafuta mfululizo msimu mzima. Utando ukirundikana jani hushindwa kupumua vizuri na mmea hudumaa. Mimi hubadilisha, wiki ya mafuta na wiki ya saumu, hata wakati wa ubwiri unga.

Wapo wanaosema dawa za mimea hazifai na wapo wanaoapa kwazo, na wengi wa pande zote hawajawahi kupima. Acha nusu ya safu moja bila dawa, mwisho wa kivungulio. Kila wiki kagua majani kumi ya nusu hiyo na majani kumi ya nusu iliyopigwa, andika mangapi yana doa. Baada ya wiki nne daftari litakupa jibu la shamba lako, na kama pande zote ni sawa, acha kupiga na utafute kasoro: huenda ni ugonjwa mwingine, au maji, au nozeli.

Weka pia mpaka wa kukubali. Kama robo ya majani ya matango imeshashikwa na ubwiri vinyoya, au ukungu wa majani umefika kwenye vichala vya juu vya nyanya, dawa za mimea zimeshindwa katika msimu huo. Hapo ama umwite afisa wa kilimo akuchagulie kiuakuvu kilichosajiliwa na ufuate siku za kusubiri kabla ya kuvuna, ama ung'oe, usafishe na upande upya. Tango hukua haraka. Mara nyingi kung'oa mapema ni nafuu kuliko kuuguza.

Mikono, macho na mavuno

Neno "asili" lisikulegeze. Saumu na mpapai huwasha macho. Vaa miwani na glavu, funika pua. Mafuta ya mwarobaini yakinywewa na mtoto mdogo ni hatari kubwa, hivyo chupa isikae jikoni wala isiwekwe kwenye chupa ya soda. Kinu cha dawa kisirudi kutwanga chakula, na mjamzito apewe kazi nyingine siku hiyo.

Acha kupiga siku mbili tatu kabla ya kuvuna, zaidi kwa ajili ya harufu na uchungu kuliko sumu. Mahoteli ya Malindi na wapishi wao wa Kiitaliano hununua nyanya ndogo, hoho na basili kwa kunusa kwanza, na nyanya yenye harufu ya saumu hurudishwa mlangoni. Osha mavuno kwa maji safi, yakaushe kivulini, ndipo uyapange kwenye kreti.

Ukitaka kuwauzia majirani dawa uliyoitengeneza, jua kwamba kiuatilifu chochote kinachouzwa Kenya, hata cha majani, kinahitaji usajili wa PCPB. Kuwafundisha kuitengeneza hakuhitaji.

Baada ya kazi, suuza pampu mara tatu, mara ya kwanza kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni ili mafuta yasigande kwenye mpira wa ndani. Fungua nozeli uisugue kwa mswaki mzee, usitumie sindano kwani itapanua tundu. Maji ya kusuuzia yamwage juu ya rundo la mboji, mbali na kisima.